Aliyefunga Ndiye Afungue

Simu imelia tangu asubuhi na sipokei. Nimeilaza kifudifudi juu ya friji, inatetemeka huko mpaka vikombe vinagongana, na mimi nimekaa mezani jikoni kwangu hapa Mount Druitt na kalamu mkononi. Nilistaafu Ijumaa. Leo ni Jumatatu, na karakana nzima imeshindwa kutoa mashine moja nje ya lango bila mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa hasira.

Nyinyi mafundi vijana ndio mlionisihi kwenye sherehe niandike habari za miaka yangu ya kazi. Kevo alisema, "Mzee, andika hata page mbili tu. Story zako ni moto." Haya basi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotuunganisha pale kazini sisi tuliotoka Kenya, Kongo na Burundi, na kwa sababu nikikasirika Kiingereza hunikimbia. Mwenye karakana akitaka kujua nimesema nini, fundi mwenzenu Furaha amtafsirie. Asilainishe neno.

Nilikuja Sydney nikimfuata mke wangu, Mama Neema, aliyepata kazi ya unesi. Kule Nakuru nilikuwa fundi wa magari ya mashindano, yale yanayotoka asubuhi yaking'aa na kurudi jioni bila bampa wala kioo. Hapa hakuna aliyeuliza habari za Nakuru. Nilipanda treni nikishuka kila stesheni kuulizia kazi, na huko St Marys, kwenye vile viwanda vidogo, nikakuta banda la mabati limejaa mashine ambazo sikuwahi kuziona. Nilidhani ni pikipiki zilizoibiwa magurudumu. Mbele zilikuwa na mbao mbili za kutelezea, na nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno, mfano wa ule wa tingatinga.

"Umewahi kuona theluji?" aliniuliza Grant, mwenye karakana.

"Bado," nikamjibu. "Lakini naona hata hapa haipo."

Ilikuwa Januari na mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Grant alicheka sana, akanitupia aproni, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sitamnyima haki yake: ni mtu anayejua kucheka. Ubaya wake ni kwamba mdomo ukicheka, mkono wake huwa unaharibu kitu.

Nyinyi mnaijua kazi yetu, lakini najua karatasi hizi zitasomwa na wake na waume zenu pia, kwa hiyo nieleze. Pikipiki za theluji huletwa kwetu kiangazi kutoka vituo vya michezo kwenye milima ya kusini, zitengenezwe wakati huko hakuna wateja. Hiyo ndiyo kazi ya kawaida. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine. Kila mwaka Grant alipeleka mashine mbili kwenye mashindano ya mbali, kaskazini kabisa ya dunia, ambako madereva huenda wawili wawili kwa siku nyingi, ndani ya misitu na juu ya mito iliyoganda, pasipo barabara wala nyumba. Mashine ikiharibika unaitengeneza mwenyewe hapo hapo. Usipoweza, unakaa kando ya moto, kama umeweza kuuwasha. Na mwenzako lazima awe anageuka nyuma kukutazama. Ndiyo maana mnatumwa wawili.

Hilo la kugeuka nyuma mliweke akilini, nitalirudia.

Aliyenifundisha alikuwa Arvo, mzee mrefu aliyezaliwa huko huko kwenye theluji, kaskazini mwa Ulaya, akaja Australia kijana. Sisi Waafrika tulimwita Mzee Arvo, na baada ya muda akawa anaitika "Naam" bila kuambiwa maana yake. Hakuwahi kuniuliza kama nimeona theluji. Siku yangu ya pili alinipa glavu nene za manyoya akaniambia nibadilishe mkanda wa injini nikiwa nimezivaa. Joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya boneti. Nilimwona mwendawazimu. Nikabadilisha, jasho likijaa ndani ya glavu mpaka viganja vikakunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Arvo akautoa ule mkanda, akaniwekea mbele yangu tena.

"Rudia," akasema. "Kule mtu akivua glavu kufungua boliti, boliti inabaki na ngozi yake."

Kwa hiyo kila kitu tulikiandaa kwa ajili ya mkono wenye glavu. Kila ilipowezekana tuliondoa boliti za ukubwa mbalimbali tukaweka za ukubwa mmoja, ili dereva atembee na spana moja. Kila spana ilitobolewa tundu ikafungwa kamba, maana chombo kikizama kwenye theluji laini hukioni tena mpaka majira yageuke. Mikanda ya akiba kushoto, plagi kulia, kila mashine vilevile, ili hata gizani mkono ujue unakokwenda. Kevo, wewe mwaka jana uliweka plagi kushoto kwa sababu "space ilikuwa poa huko." Bado sijakusamehe.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa maji. "Baridi haiui mashine," alikuwa akisema. "Maji ndiyo huua. Baridi inangoja tu yaingie."

Sydney ina baridi ya sweta, haina baridi ya kujaribia mashine za namna hiyo. Tukawa tunazipeleka kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa kule Blacktown, ambako msimamizi wa zamu alikuwa Papa Byamungu, Mkongo wa Bukavu niliyekuwa nikisali naye kanisa moja. Alituombea chumba kimoja kitupu, tukapitisha bomba la moshi nje ya ukuta, tukawa tunawasha mashine ndani ya baridi ya kugandisha ng'ombe mzima. Papa Byamungu alisimama mlangoni na koti lake la kazi, akitikisa kichwa.

"Baba Neema, weye ulikimbia jua ya Kenya kuya kutafuta kifo ku frigo?"

"Ni kazi, Papa."

"Kazi! Mie nafanya kazi juu ya batoto bakule. Weye unaifanya na furaha, minakuona."

Alikuwa amenishika. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na nadhani ndiyo sababu hasira yangu haizeeki.

Sasa sikilizeni vizuri. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji siku ya joto hutoka jasho. Mashine pia. Ukiitoa kwenye ghala la Blacktown na kuiingiza kwenye hewa ya Januari, inatoka jasho nje, ambalo unaliona na kulipangusa, na inatoka jasho ndani, ambalo hulioni: kwenye tangi, kwenye maungio ya umeme, na ndani ya kebo ya mafuta, ule waya wa kuongezea mwendo, unaotoka kwenye kidole gumba cha dereva hadi kwenye injini. Hapa Sydney maji hayo hayakufanyi kitu. Waya unateleza vizuri mpaka unausifu. Yanapanda ndege kimyakimya, yanafika kule, yanaganda, na waya unakwama pale ulipo. Fundi wa nchi ya theluji halifanyi kosa hili, kwa sababu yeye hana haja ya kutoa mashine kwenye friji na kuitia kikaangoni. Hili ni kosa letu, la St Marys.

Sheria ya Arvo ilikuwa hii: mashine ikitoka baridini inavuliwa nguo zote. Kebo zinatolewa na kutupwa, tangi linamwagwa, kila kiungio kinafunguliwa, na mashine inalala wazi mbele ya feni siku mbili. Kisha kebo mpya, kisha sanduku, kisha ndege. Hairudi tena baridini hata akija mfalme kuitazama. Grant aliijua sheria hiyo kabla yangu. Arvo alimfundisha yeye kwanza.

Mimi niliongeza kitu kimoja tu, na nilikitoa Nakuru. Pale kwetu, gari likiwa mikononi mwa fundi, fundi hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Likiwa na kitambaa haliguswi na mtu, hata dereva, hata mwenye gari. Na aliyefunga ndiye afungue. Si pambo. Fundi anaweza kuwa amelegeza boliti moja akaenda kutafuta spana, akaitwa na mtu, akachelewa. Kitambaa kinawaambia wengine kwamba kazi haijaisha, hata kama yeye hayupo kusema.

Huku nilikosa kitambaa chekundu, nikakata pindo la leso ya Mama Neema, kanga yake nyekundu, nikidhani hataona. Aliona.

"Leso niliyopewa na dada yangu umeifanya tambara la grisi?"

"Nimekata kidogo tu, Mama Neema."

"Kidogo tu! Ngoja na mimi nikukate kidogo tu."

Nilikula chakula baridi wiki nzima. Arvo alipokiona kile kitambaa kwenye usukani, nilimweleza maana yake. Akakigusa kwa ncha ya kidole akasema, "Vizuri." Kwa Arvo, hicho kilikuwa kigelegele.

Kisha akaja Kerrie. Alikuwa mpeleka barua wa mitaa ile, akizunguka na pikipiki ya posta, na siku za mapumziko akishindana na pikipiki za porini. Alianza kwa kuingia kutuletea barua, akaishia kula nasi chakula cha mchana. Aliniita Baba Neema, akilitamka kama neno moja refu, na chapati za mke wangu alizila kabla hata sijafungua mfuko vizuri. Grant alipoona anavyoendesha, akamchukua awe mwenzake wa mashindano. Kerrie akajifunza theluji milimani, akaanguka, akarudi, akaanguka tena, akaiweza. Mashine yake niliiandaa mimi tangu skrubu ya kwanza. Niwape mfano wa alivyokuwa: aliomba nimfundishe kubadilisha mkanda akiwa na glavu, na aliposhindwa mara ya kwanza alijiambia mwenyewe, "Rudia," kwa sauti ya Arvo kabisa.

Mwaka ule mashine yake ilipotoka baridini niliivua, nikaikausha, nikatia kebo mpya, nikafunga kitambaa. Ilibaki kazi ya asubuhi moja ya kukaza na kukagua. Nikaenda kulala.

Asubuhi mashine haikuwepo. Kitambaa kilikuwa juu ya benchi, kimekatwa kwa mkasi. Hakikufunguliwa, kilikatwa.

Papa Byamungu ndiye aliyenipigia simu. "Baba Neema, patron yako alikuya huku asubuhi na bale ba télévision. Wanataka picha ya mashine iko na barafu juu. Nikamuuliza, Baba Neema iko wapi? Akasema unajua."

Nilimkuta Grant uani akiwa anapigilia sanduku misumari, lori limewashwa.

"Grant, kebo," nikamwambia.

"Nimeipangusa yote, mate. Inang'aa."

"Na ndani?"

"Ndege ni mchana huu, Baba Neema. It'll be right."

Mzee Arvo alitoka ndani akaenda kusimama mbele ya lori. Alikuwa keshakuwa mzee wa kweli, magoti yameisha. Grant akacheka, akamshika mabega, akamsogeza pembeni taratibu, kama mtu anayesogeza kiti apite. Lori likaondoka. Mpaka leo sijui ni kipi kinaniudhi zaidi, lile lori au ule upole wa kumsogeza.

Kerrie alikuwa ametangulia kule. Nikampigia simu, nikamwambia asiipande mashine kabla ya kubadilisha kebo.

"Usijali," akaniambia, kwa furaha kabisa. "Grant amesema ameshaibadilisha mwenyewe."

Hakuwa ameibadilisha. Nilimwambia Kerrie hivyo. Akasema atamuuliza tena, akamuuliza tena, naye akamwapia. Mtu akiapiwa na mwenzake wa safari, yule atakayemlindia uhai wake porini, atamwamini nani?

Siku ya pili ya mashindano, kwenye kona ya mto, alilegeza kidole gumba na mashine haikulegea. Kebo ilikuwa imeganda pale pale kwenye mwendo kasi. Mkono ulipofika kwenye kitufe chekundu cha kuzima injini, ukingo wa mto ulikuwa umeshafika. Mashine ilimwangukia, glavu ya kulia ikachanika na kupotea. Grant alikuwa mbele. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika kituo cha mafuta. Waliomkuta Kerrie ni washindani wengine waliokuwa wakija nyuma, watu wasiomjua. Madaktari walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na gumba likiwamo.

Grant aliporudi, wale wa televisheni wakamuuliza kulikoni. Mimi na Mama Neema tulikuwa kwenye kochi, chai mkononi. Alitikisa kichwa kwa huzuni akasema fundi wetu ni mtu mwema, ila amekulia mahali pasipo na barafu.

Mama Neema akazima televisheni. "Amesema nini huyo?" akauliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

Jumapili kanisani watu walinipa pole. "Pole Baba Neema, makosa hutokea." Tusi ningelijibu. Lakini pole unaijibu vipi? Niliwaitikia "asante" mstari mzima wa viti, nikaenda kupanda treni na suti yangu.

Mashine iliporudi, niliichana ile kebo kwa kisu mbele ya Arvo. Ndani ilikuwa na kutu tangu mwanzo hadi mwisho. Arvo akamwita Grant, akamwekea mkononi. Grant aliitazama muda mrefu. Hakucheka.

"Maji yanaweza kuwa yameingia kule kule," akasema, akaiweka mezani na kutoka. Hajawahi kuyarudisha maneno yake ya televisheni. Badala yake msimu uliofuata alichapisha fulana zenye picha ya kitambaa chekundu, akampa kila mteja, akihadithia desturi ya karakana yetu ya kuheshimu kazi ya fundi. Kitu alichokikata kwa mkasi akakifanya nembo. Yangu sikuwahi kuivaa. Mama Neema anaitumia kupigia deki, na naweza kusema inanyonya maji vizuri.

Watu huniuliza kwa nini sikuondoka. Nilitaka. Nilikwenda hospitalini kumwambia Kerrie kwamba naondoka, nikidhani atafurahi. Alikuwa anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Akakiweka chini.

"Ukiondoka," akaniambia, "nani atafunga kitambaa?"

Basi nikabaki, miaka yote hiyo, nikifanya kazi kwa mtu nisiyemwamkia ila kwa kutikisa kichwa. Arvo alikufa. Nilimzika nikiwa na kipande cha leso mfukoni. Baadaye akaja Furaha, binti wa Papa Byamungu, na cheti chake cha ufundi na mdomo wa baba yake. Siku ya kwanza nilimpa glavu nene. "Papa, hii ni punishment?" akauliza. Mpaka jioni alikuwa anabadilisha mkanda huku ananisimulia habari za harusi. Huyo ndiye fundi. Sijui kama nimewahi kumwambia, kwa hiyo namwambia hapa.

Sasa Ijumaa. Mwaka huu anayekwenda kwenye mashindano ni Tilly, binti wa Grant, mtoto wake wa kumzaa. Ni msichana mzuri, anageuka nyuma kumtazama mwenzake, nimemwona milimani. Mashine yake ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Mimi na Furaha tuliitoa baridini, tukaikausha siku zake zote, tukatia kebo mpya, na Alhamisi jioni nikafunga kitambaa. Nilipanga kukifungua mwenyewe Ijumaa baada ya sherehe, kisha isafiri, kisha niende zangu.

Sherehe ilikuwa nzuri, sikatai. Soseji za kuchoma, pilau ya Mama Neema, keki kubwa. Kerrie alikuja. Grant akahutubia, akanichekesha hata mimi, ibilisi yule. Kisha Kevo akaleta zawadi imefungwa karatasi. Nikafungua: fremu ya dhahabu, kioo, na ndani yake kitambaa changu, kimenyooshwa kwa pasi, na chini yake neno "Legend." Watu wakapiga makofi. Nikashukuru. Niligeuka kuiweka fremu kando ya keki, nikajiuliza: kama kitambaa kiko humu, kule kwenye usukani kuna nini?

Ndipo nikaiona mashine ya Tilly. Walikuwa wameisogeza mlangoni iwe pambo la sherehe. Boneti ilikuwa nyeupe kwa barafu, wageni wakipiga nayo picha, na chini yake sakafu imelowa. Langoni lori lilikuwa linangoja, mlango wa nyuma uko wazi.

"Nani ameipeleka baridini?" nikauliza.

Furaha alikuwa ametumwa asubuhi kuchukua keki. Nilimwona anaitazama mashine na uso unambadilika palepale. Kevo alitazama viatu vyake. "Boss alisema ni ya picha tu, Mzee. Akasema nitoe kitambaa, kiingie kwa fremu. Nilidhani ushamaliza nayo."

Grant akanishika bega. Bega, kama alivyomshika Arvo. "Leo ni siku yako, Baba Neema. Kula keki. It'll be right."

Nikaipiga ile fremu kwenye ukingo wa meza. Kioo kikaruka juu ya keki, keki ya watu wote. Kwa keki naomba samahani. Kwa fremu siombi.

Nilichukua kitambaa nikaenda kwenye mashine, mkono unavuja damu, sioni fundo kwa hasira. Kerrie akaja. Akashika ncha moja kwa vidole viwili vilivyobaki, mimi nikavuta nyingine, tukafunga.

"Dad, what's going on?" Tilly akamuuliza baba yake.

Kerrie akauinua mkono wake wa kulia mbele ya yule msichana, karibu kabisa, akauacha hapo auone vizuri. "Muulize baba yako hii ilitoka wapi," akasema. "Mwache yeye ndiye akwambie."

Mimi nilichukua mkoba wangu, Mama Neema akachukua sufuria yake, tukaenda zetu stesheni.

Basi hiyo ndiyo sababu simu inalia. Kevo ameandika ujumbe: "Mzee, tafadhali. Truck imerudi leo. Boss hataki kukikata, anasema ni wewe tu ukuje ufungue." Mkasi upo pale pale kwenye ndoano ulipokuwa siku zote. Hajaugusa. Lakini sitakwenda kufungua kitambaa ili mashine yenye maji ipande lori, na sijali ndege ni saa ngapi. Iondoke na ndege nyingine. Ikose mashindano. Tilly ana vidole kumi.

Nilikuwa nimefika hapa, natafuta la kumalizia, Mama Neema akaichukua simu juu ya friji akanisomea kwa sauti. Ni Furaha.

"Papa, tumefungua yote bila kugusa kitambaa. Tumetoa ile cable, maji imetoka ndani yake. Tilly mwenyewe ndiye aliipasua, patron akiwa hapo anaangalia. Patron amekaa chini ku sakafu. Lori tumerudisha. Feni iko inazunguka. Kuya tu kesho kutwa, Papa, tutakuwa tayari."

Nimeusoma mwenyewe mara ya pili. Hasira haijaisha, msinielewe vibaya. Ningetaka Arvo awe amesimama pale aone yule mtu amekaa sakafuni.

Mama Neema ametoka chumbani na ile leso, yote iliyobaki, imekunjwa, pindo moja halipo. Ameiweka mezani juu ya karatasi hizi pamoja na mkasi wake wa kushonea.

"Wakatie wote," amesema. "Mmoja mmoja, kila fundi chake. Halafu usiniletee habari za leso tena nyumba hii."

Basi kesho kutwa nakuja na treni ya asubuhi. Nitatia kidole mwenyewe nione kama pamekauka, nitafungua fundo langu, na kila mmoja wenu atapata kipande. Kevo pia, ingawa atakipata wa mwisho. Tilly nitampa, maana amechana kebo kwa mkono wake. Grant najua ataomba. Hapati.